Anayeuwahi Mzizi

Hotuba kwa wenye vitalu vya viungo, tarafa ya Amani, wilaya ya Muheza

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, dada na kaka zangu, na nyie vijana mliofika na miche kwenye bodaboda, habari za asubuhi.

Mwenyekiti ameniomba niseme juu ya vijidudu vinavyosaidia miche ya viungo. Naona madaftari yamefunguliwa tayari, mnasubiri jina la dawa na kipimo. Vipimo nitavitaja, msiwe na haraka. Kwanza niseme kwa nini niliomba nikutane na wenye vitalu, si wenye mashamba, ingawa wengi wenu ni vyote viwili. Mzizi wa mche una wakazi wake, na wakazi hao huingia mapema, mche ukiwa bado kwenye kiriba, mfuko wake wa nailoni wa kitaluni. Akiwahi rafiki, adui hukuta nafasi imeshachukuliwa. Akiwahi adui, rafiki utakayemletea shambani miaka miwili baadaye kwa ndoo atakuwa amekuja kuhani msiba.

Tuanze na pilipili manga, maana ndiyo inayotulaza macho. Kipando cha pingili mbili tatu ukikichomeka kwenye kiriba hakina mzizi hata mmoja. Wiki chache baadaye zinachomoza ncha nyeupe, laini, na kila ncha inavujisha sukari na asidi kidogo kidogo kwenye udongo. Penye chakula hapakosi watu. Vijidudu vya udongoni hujaa hapo kuliko mahali pengine popote ndani ya kiriba, katika unene wa milimita chache tu kuzunguka mzizi. Mtaalamu wa Kijerumani, Lorenz Hiltner, alilieleza eneo hilo mwaka 1904, akasema afya ya mmea inategemea sana nani anaishi pale. Miaka zaidi ya 100 imepita na bado kuna watu wanauza miche bila kujiuliza swali hilo.

Anayeweza kuishi pale ni pamoja na fitoftora. Wengi humwita fangasi, na kwa macho anafanana naye, ila kwa ukoo ni jamaa wa mwani wa majini. Mbegu zake zina mikia na zinaogelea. Tone la maji likiruka kutoka kiriba kimoja kwenda cha pili limebeba abiria. Huyu ndiye anayeozesha shina la pilipili manga pale linapokutana na ardhi. Majani yanageuka rangi, yanapukutika, na mmea uliokuwa umepanda juu ya mgrivea unakufa ndani ya wiki chache za masika. Ubaya wake ni kwamba mche unaweza kutoka kitaluni ukiwa naye, majani yake ya kijani kabisa, mnunuzi kafurahi, muuzaji kalipwa. Lawama zinakuja baadaye, na hapo kila mtu anailaumu mvua.

Wenzetu wa Kerala, kusini-magharibi mwa India, wamepigana na ugonjwa huu tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Kule ndiko pilipili manga ilikotoka, na ya mwitu bado ipo kwenye misitu ya milima yao. Wana Taasisi ya Utafiti wa Viungo ya India katika mji wa Kozhikode, ndio Calicut ile ile aliyoifikia Vasco da Gama mwaka 1498 akitokea Malindi, akiitafuta pilipili hii hii. Dawa za kemikali wamezijaribu sana na bado wanazitumia. Lakini mwongozo wa taasisi ile kwa pilipili manga unaanzia kitaluni: udongo uliosafishwa kwa joto la jua, halafu gramu 1 ya trikoderma na mililita 100 za udongo wenye mikoriza kwa kila kilo moja ya mchanganyiko wa viriba. Haya majina mawili, trikoderma na mikoriza, ni ya fangasi rafiki wa mzizi, na ndiyo yatakayotushughulisha asubuhi hii.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Mwenye viriba 1,000 vya kilo moja moja anahitaji kilo moja tu ya unga wa trikoderma. Mwongozo huohuo, mmea ukishakuwa shambani, unataka gramu 50 kwa kila shina, za trikoderma iliyokuzwa kwanza kwenye samadi au maganda ya kahawa. Mashina 1,000 ni kilo 50, na hazimwagwi mara moja zikaisha. Mkulima wa ekari moja na nusu hapa Amani hatabeba mzigo huo mlimani kila msimu. Atafanya mwaka wa kwanza, wa pili ataahirisha, wa tatu atasahau. Ndiyo maana nasema mwenye kitalu ana nafasi ambayo mkulima hatakuwa nayo tena: udongo ni mchache, uko chini ya kivuli, unamwagiliwa, na mzizi bado haujaamua uishi na nani.

Sasa mikoriza. Mwaka 1885 mtaalamu mwingine wa Kijerumani, Albert Bernhard Frank, alikuwa ametumwa na serikali ya Prussia atafute namna ya kuotesha uyoga ghali unaokua chini ya ardhi. Uyoga wenyewe hakufanikiwa kuuotesha. Alichokiona ni kwamba mizizi ya miti ya msituni imevikwa nyuzi za fangasi, na miti hiyo haiumwi, inastawi. Aina inayohusu viungo vyetu ni tofauti kidogo na ile ya Frank, yenyewe huingia hadi ndani ya chembe za mzizi na kutengeneza vijitawi vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Humo ndimo biashara inapofanyika: mmea unatoa sukari, fangasi analeta fosforasi, zinki na maji kutoka mbali ambako mzizi haufiki. Biashara hii ni ya zamani sana. Kwenye mawe ya Rhynie huko Scotland kuna mabaki ya mimea ya miaka milioni 400 hivi iliyopita, na fangasi wa namna hii wamo ndani yake.

Na kwa nini inatuhusu sisi hapa? Kwa sababu ya udongo mwekundu wa milima yetu hii ya Usambara. Udongo huu una tindikali, umenyeshewa kwa karne nyingi, na una chuma na alumini inayoing'ang'ania fosforasi. Unaweka mbolea, udongo unaifunga, mche unakaa na njaa juu ya chakula. Nyuzi za mikoriza ni nyembamba kuliko vinyweleo vya mzizi, zinapenya kwenye matundu ambayo mzizi haupiti, na zinaongeza eneo la kuokota kile kidogo kilichopo. Mche wa iliki wenye mikoriza na usio nayo, katika udongo maskini, utautofautisha bila miwani.

Viungo vyetu karibu vyote vinaikubali: pilipili manga, iliki, mdalasini, karafuu, kungumanga, tangawizi, manjano. Haradali haimo. Haradali ni ya ukoo wa kabichi, na ukoo ule mikoriza hauitaki kabisa, kwa hiyo atakayekuuzia mikoriza ya haradali au ya sukuma wiki anakuuzia mchanga.

Wazee wetu waliijua kazi yake bila kuwa na jina lake. Walikuwa wanafuata udongo wa msituni kwa ajili ya kitalu, na miche ya udongo ule ilitoka vizuri. Sehemu ya siri ilikuwa rutuba, na sehemu ilikuwa nyuzi hizi. Ila nawaomba sana, msiende kuuchota hifadhini. Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 1997 na sheria iko wazi. Zaidi ya sheria, udongo wa msituni unakuja na kila kitu, mzuri na mbaya, na hujui ndani ya gunia umebeba nini.

Mikoriza mnaweza kuikuza wenyewe, na ningependa kitalu kimoja katika kila kijiji kifanye kazi hiyo. Fangasi huyu ana tabia moja ya kujua: hakui bila mzizi hai. Hawezi kukuzwa kwenye wali wala kwenye samadi, lazima umpe mmea. Basi tafuteni mbegu yake mahali salama, aidha kwa kununua, au kwa kuchimba mizizi myembamba na udongo wake chini ya nyasi za kudumu zilizostawi, mbali na shamba la viungo. Changanyeni na mchanga uliosafishwa kwa joto, jazeni ndoo au masanduku, pandeni mtama au mahindi kwa kusonganisha. Mbolea ya fosforasi msiweke. Mmea ukishiba fosforasi ya bure hauna sababu ya kumlipa mtu sukari, unamfungia mlango. Baada ya miezi mitatu hivi acheni kumwagilia, mabua yakauke, kateni sehemu ya juu, halafu fukueni mizizi, ikatekateni na kuichanganya na mchanga wake ule ule. Huo ndio udongo wenye mikoriza. Unawekwa mahali pakavu, kivulini, na unapochomeka kipando unautia pale pale mzizi utakapotokea, usiutawanye juu ya kiriba kama chumvi.

Kuna mzee ameinua mkono tangu nitaje udongo. Karibu baba.

Anauliza kwa nini nihangaike na nyasi wakati chini ya migomba udongo ni mweusi, laini, na uko mlangoni. Baba, swali lako ndilo lililonileta. Udongo wa chini ya migomba ndio wa mwisho ambao mwenye kitalu cha pilipili manga anapaswa kuugusa. Mizizi ya migomba mara nyingi ina minyoo midogo sana, hawaonekani, wanaochimba ndani ya mzizi na kuuozesha, ndio wanaosababisha mgomba kuanguka na mkungu wake upepo ukipiga. Minyoo hao hao wanakula pilipili manga na tangawizi. Kwenye kisiwa cha Bangka, Indonesia, ugonjwa wa kunjano ulioletwa na minyoo hao uliua mamilioni ya mipilipili manga katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita. Mamilioni, baba. Na safari ya mnyoo inaanza kwa kujaza kiriba udongo wa bure.

Tuje kwa trikoderma. Huyu ni fangasi wa kijani, mwenyeji wa udongo karibu kila mahali, pamoja na hapa tuliposimama. Mwaka 1932 mtafiti Richard Weindling alieleza jinsi alivyomwona akijizungusha kwenye nyuzi za fangasi mwingine, akizitoboa na kuzila. Habari hiyo ndiyo iliyompa umaarufu, na wauzaji wanaipenda kwa sababu inachorwa vizuri kwenye pakiti. Lakini kazi yake kubwa kwenye kiriba si vita. Anakua haraka, anamaliza chakula kabla ya wengine hawajafika, anakaa juu ya mzizi, anatoa vimeng'enya vinavyoyeyusha kuta za adui, na kuwepo kwake tu kunauamsha mche ujenge kinga yake mapema. Zipo aina zinazouchochea mzizi wenyewe urefuke na kuwa na matawi mengi. Kwa mwenye kitalu hilo la mwisho ndilo linaloonekana sokoni, mche wenye mizizi mingi unashika shambani.

Mama zangu mnaopika maandazi, mnaijua hamira. Hamira nayo ni fangasi aliye hai. Ukiitia kwenye maji yanayochemka unga hauumuki, na hutakwenda kugombana na mwenye duka. Trikoderma mchukulieni vivyo hivyo. Pakiti iliyokaa dirishani kwa muuzaji ikipigwa na jua, au iliyosafiri kwenye buti la basi kutoka Dar es Salaam mchana kutwa, inaweza kuwa imebaki unga mtupu. Someni tarehe. Someni pia idadi ya vijidudu hai kwa gramu. Kwa mfano India sheria inataka unga wa trikoderma usiwe na chini ya milioni 2 kwa gramu. Pakiti isiyotaja idadi yoyote, irudisheni.

Kuna namna ya kuipima nyumbani, si ya maabara lakini inasaidia. Chukua wali uliopoa, usio na chumvi wala mafuta, kwenye chupa safi ya mdomo mpana. Nyunyizia unga kidogo, funika kwa kitambaa, weka kivulini. Siku mbili tatu utaona utando mweupe, kisha unageuka kijani kibichi uliokolea. Ukiona wali umekuwa wa manjano-kijani, mweusi, au una maji yanayonuka, hujakuza trikoderma, umekuza mgeni mwingine. Uzike. Na tafadhali msiwape kuku, wala msiunuse kuhakikisha. (Kicheko.) Mnacheka, ila ukungu wa manjano-kijani ndio ule ule unaotia sumu kwenye karanga na mahindi.

Kuitia trikoderma kavu kavu kwenye udongo maskini ni kumpeleka mgeni kwenye nyumba isiyo na unga. Mpeni chakula kwanza. Kinachofanyika Kerala, na ndicho ninachowashauri, ni kuikuza kwenye samadi iliyooza vizuri: kilo 1 ya unga kwa kilo 90 za samadi na kilo 10 za mashudu ya mwarobaini. Samadi iwe haina joto tena, ukiingiza mkono usiutoe haraka. Maji ni ya kiasi, ukikamata konzi na kuiminya iungane, isidondoshe tone. Rundo likae chini ya paa au mti wenye kivuli, lifunikwe kwa magunia yaliyolowa, ligeuzwe kila baada ya siku tatu nne. Baada ya wiki mbili mtaona ukungu wa kijani umetambaa. Hiyo ndiyo samadi ya kuchanganya na udongo na mchanga wa viriba. Mashudu ya mwarobaini yasipopatikana tumieni samadi peke yake. Yanasaidia kuwapunguza minyoo, lakini si sababu ya mtu kukaa bila kufanya chochote.

Bakteria nitawagusa tu kwa sababu muda unakwenda. Wapo sudomonasi, wanaonyang'anya madini ya chuma kwenye eneo la mzizi hadi adui anakosa, na baadhi yao hutengeneza homoni ya kukuza mizizi. Wapo basilasi, ambao sifa yao kubwa kwa mtu wa kijijini ni kwamba hutengeneza mbegu ngumu zinazovumilia joto na ukavu, kwa hiyo wanastahimili duka lisilo na friji. Taasisi ile ya Kozhikode ilibuni namna ya kuwafungasha vijidudu kwenye kidonge kidogo kama cha hospitali, unakifungua ndani ya maji na kumwagilia. Kwa barabara zetu za milimani wazo hilo nalipenda kuliko magunia ya unga.

Nimetaja udongo uliosafishwa mara mbili tatu bila kueleza. Huko Israeli, mwaka 1976, Jaakov Katan na wenzake walionyesha kwamba udongo uliolowanishwa na kufunikwa kwa nailoni nyepesi inayopitisha mwanga, ukaachwa juani wiki kadhaa, unapata joto la kuua vimelea vingi na mbegu za magugu. Nailoni iwe ya kung'aa, si nyeusi. Udongo utandazwe, usizidi kimo cha shubiri moja, na kingo zifukiwe. Walioko chini kule Muheza mjini, Mkanyageni, Ngomeni, njia hii itawafaa mwezi wa kwanza na wa pili jua likiwa kali. Nyie wa juu huku kwenye ukungu siwadanganyi, jua lenu halitoshi. Tumieni pipa: maji kidogo chini, kichanja, udongo juu yake, moto, mvuke upite hadi udongo wote ufikie joto la nyuzi 60 hivi kwa nusu saa. Pipa lililokatwa na kuni za matawi linatosha.

Lakini sikieni hapa, maana ndipo watu wanapoharibu. Udongo uliosafishwa ni udongo mtupu, na udongo mtupu ni wa yeyote atakayefika kwanza. Ukiuacha wazi wiki moja, ukauchanganya kwa jembe lililotoka shambani, ukaumwagilia maji ya kijito kilichopita kwenye pilipili manga ya jirani, fitoftora atakuta uwanja hauna mpinzani na hali itakuwa mbaya kuliko kama usingesafisha. Siku udongo unapopoa ndiyo siku ya kutia trikoderma na mikoriza. Kama hujaiandaa samadi yako, usiwashe moto.

Swali limekuja kwenye karatasi: "Tuache dawa za ukungu?" Sijasema muache. Jueni tu ni dawa gani inamuua nani. Trikoderma ni fangasi, na dawa ya fangasi haimuulizi yuko upande wa nani. Karbendazimu itamfagia yeye kwanza. Dawa za shaba zikipulizwa kwenye majani hazina neno kubwa, ila zikimwagwa kwenye udongo wa kiriba zinamdhoofisha, kwa hiyo msizitie kwenye kiriba wiki ileile mliyotia trikoderma. Metalaksili, ambayo inamlenga fitoftora, haimsumbui sana trikoderma kwa sababu, kama nilivyosema, fitoftora si fangasi wa kweli. Na bomba la kunyunyizia dawa lisiwe hilo hilo la kumwagilia vijidudu. Hata maji ya bomba la mjini yenye klorini yaacheni kwenye ndoo wazi usiku kucha kabla ya kuyatumia.

Yapo ambayo vijidudu havitayafanya, na afadhali niyaseme mimi kabla hamjayasikia kwa jirani aliyepata hasara. Havitaponya virusi. Mpilipili manga wenye majani madogo yaliyojikunja na madoa ya njano, ukikata vipando kwake umeotesha ugonjwa, hata uvilaze kwenye trikoderma tupu. Chagueni mmea mama mzuri kwanza. Havitashindana na maji yaliyotuama: viriba vitobolewe, vikae juu ya kokoto au kichanja, visibanane. Nimeona vitalu vinavyomwagiliwa asubuhi na jioni hata siku ya mvua kwa sababu kijana ameajiriwa kumwagilia na anaogopa kuonekana amekaa. Mpeni kazi nyingine.

Na mimi mwenyewe msiniamini kwa maneno. Kuna bidhaa nyingi sana siku hizi zenye picha ya mzizi na neno "bayo", nyingine nzuri, nyingine ni molasi iliyochachuka. Ukinunua, acha safu mbili za viriba bila kuzitia chochote, udongo ule ule, vipando vya mama yule yule, kivuli kile kile. Usiziweke pembeni kwenye jua halafu ukasema zimeshindwa. Baada ya miezi minne chana viriba kadhaa vya kila upande, osha mizizi kwenye karai, laza juu ya gunia, waite wenzako waangalie bila kuwaambia upi ni upi. Kama hawaoni tofauti, pesa yako imepotea kidogo tu, na umejua. Juu ya uhalali, viuatilifu vyote, vya kibaiolojia vikiwemo, vinasajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, yenye makao yake Arusha. Muulizeni muuzaji namba ya usajili. Akianza kuzungumzia ushuhuda wa watu wa Morogoro badala ya namba, mwageni.

Dada wa nyuma ana ndugu zake Pemba, anauliza karafuu. Karafuu inaanzia kwenye mbegu, na mbegu yake haingoji: tunda likishaiva na kumenywa lisiachwe likauke, lioteshwe ndani ya siku chache, la sivyo hakuna kijidudu kitakachoifufua. Mche wake ni mvivu miezi ya mwanzo, na uvivu huo ndiyo nafasi ya mikoriza, kwa sababu mizizi ya karafuu changa ni michache na haina haraka. Tia mikoriza wakati wa kuhamisha mche kutoka kwenye tuta la mchanga kwenda kwenye kiriba, chini ya mzizi kabisa. Mdalasini na kungumanga vivyo hivyo, mbegu zao nazo hazivumilii kukauka. Iliki inayooteshwa kwa mbegu ina shida yake ya kinyausi, miche inalala chini kama imekatwa na wembe. Hapo samadi ya trikoderma iwe kwenye tuta kabla ya mbegu, msingoje miche ianze kulala.

Kijana anataka kujua kama mche wa namna hii auuze bei ileile. Hapana, uza juu zaidi, lakini uwe na la kuonyesha. Weka kiriba kimoja kilichochanwa mezani, mzizi uonekane. Mnunuzi wa miche hapa anaangalia majani kwa sababu hakuna aliyewahi kumwonyesha kitu kingine.

Mvua za vuli zinaanza mwezi wa kumi. Mchanganyiko wa samadi unataka wiki mbili, vipando vinataka miezi mitatu minne kitaluni kabla ya kwenda shambani masika, na mtama wa mikoriza unataka msimu wake peke yake. Kwa hiyo wa mikoriza wapande leo ikiwezekana. Mbegu ya mtama ipo kwa mwenyekiti, mchanga uliopikwa uko kwenye yale mapipa mawili. Samadi nimeikagua asubuhi, ile ya rundo la kushoto bado ina joto, msiiguse. Tutatumia ya kulia. Nahitaji watu wanne wenye majembe na wawili wa kuchota maji, na magunia yalowekwe sasa hivi kabla jua halijapanda.